Somo: Kusikiliza Muziki wa Wachache

Ngoma kubwa hutuita tungali mbali. Bali muziki wa wachache hungoja tuusogelee. Twajifunzaje kuufurahia?

Kwanza, tuitazame ndono ya Unyamwezi: upinde wenye uzi mmoja na kibuyu. Mpigaji huugonga uzi kwa kijiti chembamba, naye hukisogeza kibuyu kifuani na kukiondoa, ili sauti ibadilike. Sauti hiyo ni ndogo. Wawili wakinong'onezana, imepotea. Jioni ya kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, aisikiaye ni yule anyamazaye.

Pili, wapagazi wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, waliimba kwa kupokezana: mmoja hutangulia, wenzake huitikia. Wimbo wa namna hiyo hauendi ila mmoja amwachie mwenziwe nafasi.

Tatu, huko Ulaya Joseph Haydn (1732–1809) alitunga muziki wa wapigaji wanne: fidla mbili, viola na selo. Hawana kiongozi wa kuwapungia mkono; hutazamana na kusikilizana. Nasi tuifuate sauti moja, kisha ya pili, hata tujue zinavyojibizana.

Tusiudharau muziki kwa kuwa ni mdogo. Mzee apigaye ndono pasipo kijana wa kumsikiliza, huzikwa pamoja na nyimbo zake.

Maswali:
1. Ni nani kwetu ajuaye kupiga ndono?
2. Tulimsikiliza lini hata mwisho?