SOMO LETU: DEBE NI LITA NGAPI?



Msimu wa kahawa ukifika, neno moja husikika shambani tangu alfajiri hadi jioni: debe. "Leo umepata madebe mangapi?" Katika mashamba makubwa ya kahawa ya Kenya, kwa mfano, mchumaji hulipwa kwa debe. Tumelizoea neno hili mno hata hatuulizi maana yake. Lakini neno ambalo ujira wetu umefungwa ndani yake ni lazima tulijue sawasawa. Hilo ndilo somo la leo.

1. Neno limetoka wapi?

Debe si kipimo cha kahawa wala cha mahindi. Mwanzo wake ni kipimo cha mafuta. Neno lenyewe tulilipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao huita kopo au bati la namna hiyo dabba. Mafuta ya taa yaliletwa katika mabati ya pembe nne, kila bati galoni 4, mabati mawili katika sanduku moja la mbao. Mafuta yakiisha, bati halikutupwa. Lilichotea maji, likawekea nafaka, na lilipochakaa lilipasuliwa likaezekea nyumba.

Kwa kuwa madebe yalikuwa sawasawa kila mahali, jina la chombo likawa jina la kipimo. Neno lilisafiri mbali: Waganda nao husema eddebe. Hata anayetafuta kura au abiria tunasema anapiga debe.

2. Hesabu yake

Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546. Zidisha kwa 4: debe moja ni lita 18.18. Msichanganye na galoni ya Marekani, ambayo ni ndogo zaidi, lita 3.785 tu. Mkiona galoni imeandikwa kwenye pipa la dawa au mafuta kutoka ng'ambo, ulizeni kwanza ni galoni ya wapi.

Katika miaka ya 1960 na 1970 Kenya, Uganda na Tanzania ziliacha galoni na kufuata lita. Baadaye madebe ya bati yakapungua, zikaja ndoo na jerikani za plastiki za lita 20. Chombo kilibadilika, lakini jina halikubadilika. Ndiyo sababu leo mtu akisema "debe", mmoja hufikiri lita 18 na mwingine lita 20.

Tofauti ni chini ya lita 2. Mtu atasema, si kitu. Basi tupige hesabu:

Ndoo 10 za lita 20 = lita 200.
Madebe 11 ya lita 18.18 = lita 200.

Yaani aliyepatana kwa debe la galoni 4, kisha akapimiwa kwa ndoo ya lita 20, amechuma madebe 11 na kulipwa 10. Tuseme debe moja ni shilingi 100. Kwa siku amepoteza shilingi 100. Kwa siku 25 za kazi, shilingi 2,500.

Tuseme haki: kupima kwa lita 20 si kosa, ikiwa bei imepangwa kwa lita 20. Kosa ni kupatana kwa kipimo kimoja na kupima kwa kingine.

3. Maji hayana kilima

Kuna jambo la pili. Maji au mafuta yakifika mdomoni mwa chombo, yakizidi humwagika. Maji hujisawazisha yenyewe. Hayawezi kumdanganya mtu kwa kupanda juu.

Kahawa haiko hivyo. Hupanda juu ya mdomo wa debe kama kichuguu, na debe likitikiswa hushuka ikaacha nafasi ya kuongezwa tena. Kipimo cha maji kikipewa kazi ya kupima punje, lazima kiwe na sheria. Wazee wetu walipopima nafaka kwa pishi walitaja kabisa kama ni pishi ya mfuto, yaani iliyofutwa juu ikawa sawa na mdomo. Nasi tuseme hivyo: debe la mfuto, lililopitishwa kijiti juu, na asiongeze mtu.

4. Jinsi ya kupima debe lenu

Kazi hii haihitaji mtaalamu. Fanyeni kabla ya msimu kuanza, msimamizi na katibu wa tawi wakiwapo.

(a) Chukueni chupa ya lita 1 yenye alama sahihi. Jazeni debe kwa maji, mkihesabu chupa.

(b) Hakikisheni kwa mizani. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Pimeni debe tupu, kisha pimeni likiwa na maji. Tofauti ya kilo ndiyo idadi ya lita. Njia hii ni ya maji tu. Mafuta ya taa ni mepesi zaidi, na kahawa ina uzito wake.

(c) Pigeni mstari wa rangi ndani ya debe mahali mlipokubaliana.

(d) Andikeni katika mapatano: "Debe ni lita kadhaa, la mfuto." Tajeni idadi. Neno "debe" peke yake halitoshi.

Wakikataa kupima, tawi lipeleke habari kwa maofisa wa mizani na vipimo wa serikali. Kazi yao ni kukagua vipimo vya biashara na kuvipiga mhuri.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Debe la kazini kwenu ni lita ngapi? Nani alilipima, na lini?
2. Mchumaji akileta ndoo 30 za lita 20, ni madebe mangapi ya galoni 4?
3. Ni vipimo gani vingine kazini kwenu vina jina lakini havina idadi iliyoandikwa?

Haba na haba hujaza kibaba. Tusisahau kwamba haba na haba pia humwaga debe.