Swali la Mlima wa Pili: Kufundisha Jambo Ambalo Watoto Hawajaliona

Utangulizi

Aghalabu mwalimu wa shule ya msingi hukuta kitabuni habari ya kitu ambacho wanafunzi wake hawajakiona, wala yeye mwenyewe hajakiona. Mwaka mmoja, tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya darasa la sita wakati mwalimu-mwanafunzi akifundisha ufahamu. Habari iliyosomwa ilieleza siku moja ya matembezi katika bustani ya michezo huko Coney Island, New York, nchini Marekani. Watoto wa habari hiyo walipanda rolakosta, yaani treni ndogo ipandayo na kuteremka milima iliyojengwa kwa mbao na chuma.

Mtoto mmoja wa kike alinyosha kidole, akauliza: "Mwalimu, treni hiyo haina injini. Mlima wa pili inaupandaje?" Mwalimu akamjibu: "Hapa tunasoma habari, hatufanyi sayansi. Keti." Mtoto akaketi, wala hakunyosha kidole tena mpaka kengele ilipolia.

Sauti ya mwalimu ilikuwa nzuri na ubao wake ulipangwa vema, nasi tukampa alama za juu. Tulikosea. Swali lile ndilo lililokuwa moyo wa somo, nasi tulilisikia likizimwa tukaendelea kuandika. Baadaye tulilifundisha somo hilo wenyewe katika darasa jingine, na hapa tunaeleza tulivyofanya.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Asili ya mchezo huu ni Urusi, ambako watu walijenga milima ya mbao, wakaifunika barafu wakati wa baridi, kisha wakateleza juu yake. Mwaka 1884 Mmarekani LaMarcus Thompson alifungua reli ya mchezo huko Coney Island. Abiria walipanda mnara wenye kimo cha mita 15 hivi, wakateremka kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, na kila mmoja alilipa senti 5. Mwaka 1927 ilifunguliwa hapo rolakosta iitwayo Cyclone, ambayo mlima wake wa kwanza una mita 26 hivi. Mnyororo huivuta treni hadi kileleni. Kutoka hapo huenda yenyewe, bila ya injini.

Kanuni yake ni hii: kitu kilichopandishwa juu huwa na nishati kwa sababu ya kimo chake. Kinaposhuka, nishati hiyo hugeuka kuwa ya mwendo. Kinapopanda tena, mwendo hugeuka kuwa kimo. Lakini kila mara sehemu fulani hupotea kwa msuguano na kwa kuzuiwa na hewa. Kwa hiyo treni isiyosukumwa haiwezi kuvuka mlima ulio sawa na ule ilikoanzia.

Vifaa

Mpira wa kumwagilia maji uliochakaa, wenye urefu wa mita 3, uliopasuliwa kwa urefu ili uwe mfereji, gololi, rula, matofali na vitabu vya kuegemeza.

Hatua za somo

1. Wanafunzi wasome habari kimya, kisha kila kikundi kichore treni na milima yake kama walivyoielewa. Michoro itamwonyesha mwalimu ni nini hakijaeleweka.

2. Mwalimu atengeneze kwa mpira mteremko wa sentimita 60, bonde, na kilima cha pili chenye kimo hichohicho. Kabla ya kuachia gololi, kila kikundi kiandike ubashiri wake na sababu. Hatua hii isirukwe.

3. Gololi iachiwe bila ya kusukumwa. Katika darasa letu wengi walibashiri kwamba ingevuka "kwa sababu imepata kasi". Haikuvuka. Ilipanda, ikarudi, ikaenda huku na huku, hatimaye ikatulia bondeni. Tulipokishusha kilima hadi sentimita 30, ilivuka.

4. Wanafunzi wajadili. Mvulana mmoja alisema kwamba tukiisukuma gololi itavuka hata kilima kile kirefu. Mwalimu asimkatize mtoto wa namna hiyo, bali amwache ajaribu. Alikuwa amesema kweli, maana msukumo huiongezea gololi nishati.

5. Darasa lirudie habari na kulijibu swali la mlima wa pili kwa maneno yao wenyewe.

Upimaji

Mwalimu asiulize tu, "Treni ilipanda milima mingapi?" Aulize pia: "Kwa nini mlima wa kwanza ndio mrefu kuliko yote?" Mwanafunzi aliyeelewa ataweza vilevile kueleza kwa nini bembea isiyosukumwa hupunguza kimo chake kidogo kidogo hadi isimame.

Hitimisho

Ndugu mwalimu-mwanafunzi, huhitaji kuwa umefika Coney Island ili ufundishe habari hiyo. Yakupasa kulisikia swali, na kuwa tayari kusema, "Sijui, hebu tujaribu." Sisi wasimamizi nasi hatuna budi kubadilika. Tukija darasani kwako, tutaandika watoto wameuliza nini na umeyafanya nini maswali yao, kabla ya kuutazama ubao.

Zoezi: Chagua katika kitabu cha darasa la tano habari moja ya kitu kisichopatikana kijijini kwako. Andika maswali matatu ambayo mtoto angeweza kuuliza, na jaribio moja la kujibu mojawapo.