Kuwatambua Nyigu Wadogo Wanaoua Bungua wa Mahindi

Mkulima wa Mollo, katika uwanda wa juu wa Ufipa, apasuapo bua la hindi lililodumaa, huenda akamkuta ndani yake kiwavi mnene: huyo ndiye bungua. Lakini pengine humkuta kiwavi aliyekufa, na kando yake kishada cha vifukofuko vyeupe mfano wa pamba, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Anayedhani kuwa hayo ni mayai ya bungua huyachoma moto, na kwa kufanya hivyo amewaua wasaidizi wake. Vifukofuko hivyo ni vya nyigu kidusia. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumtambua nyigu huyo, na kwa nini jina lake sahihi lina uzito katika kilimo.

Maisha yake

Nyigu wa jenasi ya Cotesia ana urefu wa milimita 2 hadi 3 tu. Jike huingia katika tundu la bungua ndani ya bua na kumdunga mayai kadhaa kwa mara moja. Mabuu yanayoanguliwa hula ndani ya mwili wa kiwavi kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha hutoboa ngozi yake, hutoka nje na kusokota vifukofuko. Baada ya siku chache nyigu kamili huruka.

Ufunguo wa kumtambua

Mwanafunzi mwenye lenzi nzuri ya mkono, au hadubini ya shule, aanze kwa hatua hizi:

1. (a) Bawa la mbele karibu halina mishipa, ila mmoja ufuatao ukingo wa mbele: Chalcidoidea. Mmoja wao ni Pediobius furvus, atokaye katika pupa wa bungua.
(b) Bawa la mbele lina mishipa kadhaa iliyounda vyumba: nenda 2.

2. (a) Mishipa ya kurudi, yaani ile mifupi inayokingama katikati ya bawa, ni miwili: Ichneumonidae.
(b) Mshipa wa kurudi ni mmoja tu: Braconidae; nenda 3.

3. (a) Papasi ina pingili 18: Microgastrinae, kundi la Cotesia.
(b) Idadi ya pingili si 18: Braconidae wa makundi mengine.

Ufunguo huu hutufikisha kwenye kundi, wala si kwenye spishi. Hapo ndipo ugumu unapoanza.

Spishi zinazofanana

Cotesia flavipes ilipewa jina na Cameron mwaka 1891. Neno hilo la Kilatini lina maana ya "miguu ya njano". Cotesia sesamiae aliieleza mwaka 1906. Kwa miaka mingi zote mbili ziliwekwa katika jenasi ya Apanteles, hata Mason alipoigawa jenasi hiyo mwaka 1981. Kwa macho spishi hizi ni kama mapacha. Wataalamu huzitenganisha kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, na siku hizi kwa kusoma DNA.

Je, tofauti ndogo namna hiyo ina faida gani? Chilo partellus ni bungua aliyetoka Asia. Ili kumpunguza, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilileta C. flavipes kutoka Pakistan na kumwachilia katika pwani ya Kenya mwaka 1993. Huko alistawi. Lakini bungua mkuu wa nyanda za juu ni Busseola fusca, mzaliwa wa Afrika. Ndani ya mwili wake chembe za damu huyazingira mayai ya C. flavipes na kuyaua. Kwa hiyo nyigu aliyefaulu pwani hawezi kumwangamiza bungua huyo.

Ajabu ni kwamba hata ndani ya C. sesamiae, mwenyeji wetu, mna tofauti. Wale wa Kitale hukua vema ndani ya B. fusca, lakini wale wa Mombasa hushindwa. Aidha, mwaka 2017 kundi moja lililokuwa likihesabiwa kuwa C. sesamiae lilitambuliwa kuwa spishi kamili, likaitwa Cotesia typhae. Basi anayetaka kupeleka nyigu katika nyanda za juu hana budi kujua kwanza ni nyigu yupi aliye naye. Akikosea jina, kazi yake itapotea na mahindi yataliwa.

Kazi ya shule

Kata mabua yenye matundu, uyapasue kwa uangalifu. Weka kila bungua katika chupa yake pamoja na kipande cha bua kibichi, ufunike kwa kitambaa chepesi. Chunguza kila siku. Nyigu wakitoka, wachache wahifadhi katika alkoholi, wengine waachilie shambani. Ndani ya chupa tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, zao, na aina ya bungua. Kielelezo kisicho na maelezo hayo hakifai kitu.

Maswali

1. Kwa nini haifai kuchoma vifukofuko vyeupe?
2. Eleza kwa nini C. flavipes hakui ndani ya B. fusca.
3. Nyigu wawili wanafanana kabisa kwa macho, lakini mmoja hukua ndani ya B. fusca na mwingine hakui. Je, hilo pekee latosha kusema kuwa ni spishi mbili? Toa sababu.