Somo la Mchezo: Namba Kumi na Sita na Sheria Isiyosemwa

Katika somo hili tutajifunza mchezo wa namba unaoitwa Sudoku. Haudai pesa wala vifaa. Unachorwa chini kwa kijiti, na watoto, wazazi na wazee wanaweza kuucheza pamoja. Tunaufundisha kwa sababu unaonyesha vizuri jinsi ugomvi unavyoweza kuzaliwa kati ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekosea.

Mchezo ulitoka wapi?

Howard Garns, mchoraji wa ramani za majengo huko Marekani, ndiye anayetajwa kuwa aliutunga, na ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1979. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli iliuingiza Japani, na jina Sudoku likatoka huko. Mwaka 2004 gazeti la The Times la London lilianza kuuchapisha, na kutoka hapo ukaenea duniani kote. Uwanja wa kawaida una vyumba 81. Sisi tutatumia uwanja mdogo wa vyumba 16.

Vifaa na sheria

Chora mraba mkubwa wenye mistari minne (A, B, C, D) na safu nne za kushuka chini. Kisha ugawe katika nyumba nne, kila nyumba vyumba vinne. Andika namba 1 hadi 4. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Kama kuna wasiosoma, tumia vitu vinne mbalimbali badala ya namba: jiwe, jani, punje ya mahindi na kijiti.

Sheria za kawaida ni tatu:
1. Katika kila mstari, namba isirudiwe.
2. Katika kila safu, namba isirudiwe.
3. Katika kila nyumba, namba isirudiwe.

Tunaongeza desturi moja: mtu haweki namba mpaka aeleze sababu na wenzake wakubali. "Nadhani tu" si sababu.

Tucheze pamoja

Gawanyeni watu katika makundi mawili. Kila kundi lichore uwanja huu:

A: 1 – | – 4
B: – – | – 2
C: – 3 | – –
D: – – | – –

Hatua ya 1. Tazama nyumba ya juu kulia. Ina 4 na 2. Imekosa 1 na 3. Mstari A una 1 tayari, kwa hiyo chumba cha tatu cha A ni 3, na cha tatu cha B ni 1.

Hatua ya 2. Mstari A sasa umekosa 2 tu. Iweke katika chumba cha pili.

Hatua ya 3. Mstari B umekosa 3 na 4. Safu ya pili ina 3 huko chini, kwa hiyo chumba cha pili cha B ni 4, na cha kwanza ni 3.

Hatua ya 4. Safu ya nne imekosa 1 na 3. Mstari C una 3 tayari. Basi mwisho wa C ni 1, na mwisho wa D ni 3.

Hatua ya 5. Safu ya pili imekosa 1 tu. Iweke katika D.

Sasa tuna:

A: 1 2 | 3 4
B: 3 4 | 1 2
C: – 3 | – 1
D: – 1 | – 3

Vimebaki vyumba vinne, na kila kimoja kinataka 2 au 4. Hapa watu huanza kubishana, kwa sababu majibu ni mawili:

Jibu la kwanza: C: 2 3 4 1, D: 4 1 2 3
Jibu la pili: C: 4 3 2 1, D: 2 1 4 3

Mwongozaji asiamue. Makundi yabadilishane viwanja, kila moja litafute kosa la mwenzake. Hawatalipata. Majibu yote mawili yamefuata sheria zote tatu.

Sheria ya nne

Sasa ongezeni sheria moja: katika ile mistari miwili inayotoka pembe hadi pembe, namba isirudiwe. Kaguani tena. Jibu la kwanza lina 1, 4, 4, 3 kutoka pembe hadi pembe. Namba 4 imerudiwa. Jibu la pili lina 1, 4, 2, 3, na upande mwingine 4, 1, 3, 2. Limebaki jibu moja tu.

Tunajifunza nini?

Fikirieni foleni ya maji kambini. Mama mmoja anasema, "Kidumu changu kilitangulia." Mwingine anasema, "Kwetu mwenye mtoto mchanga hutangulia." Kila mmoja anafuata sheria aliyolelewa nayo, na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Kilichokosekana ni sheria ambayo wote wameisikia.

Ninyi viongozi, angalieni pia jambo la pili. Waliotoa jibu la kwanza watalalamika: "Sheria hiyo mmeileta baada ya sisi kumaliza!" Wana haki. Sheria inayoletwa katikati ya ugomvi huonekana imetungwa kwa ajili ya mshindi. Isemwe mapema, mbele ya wote, na asiadhibiwe aliyefuata ile ya zamani.

Mchezo huu hautatui kesi ya shamba wala hauponyi msiba. Lakini unatuzoeza kuuliza "Unafuata sheria gani?" kabla ya kusema "Umedanganya."

Zoezi

Jaribuni uwanja huu kwa sheria zote nne, mkizitaja kabla ya kuanza:

A: 2 – | – –
B: – 1 | 4 –
C: – – | – –
D: – – | 2 –

Maswali ya kujadili

1. Mlijisikiaje mlipoona wenzenu wana jibu tofauti na lenu?
2. Ni sheria gani hapa tunapoishi ambayo wengine wanaijua na wengine hawajawahi kuambiwa?
3. Nani aitangaze, na wapi, ili wageni na wenyeji waisikie pamoja?

Jibu la zoezi: A: 2 4 1 3; B: 3 1 4 2; C: 4 2 3 1; D: 1 3 2 4.