Tuzuru Wapi? Mlima Ulio Dirishani

Nimeshika kalamu hii kwa sababu ya swali moja alilotuuliza mwalimu wetu wa jiografia muhula uliopita. Alisema: "Kutoka Embu mjini hadi Meru mjini, mtu huvuka mito mingapi?" Darasa likanyamaza jii. Kisha macho yote yakanigeukia mimi, kwani kwetu ni Imenti na njia hiyo naipita mara sita kila mwaka, kuja shule na kurudi nyumbani. Sikujua. Ukweli ni kwamba matatu ikishatoka stendi ya Embu mimi huwa nimelala fofofo, na huamshwa na makanga Nkubu. Lakini lau ningeulizwa kuhusu Maporomoko ya Viktoria ningejibu bila kusita: mto ni Zambezi, upana ni mita 1,708, kimo ni mita 108, na wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi ungurumao. Zambia sijakanyaga wala Zimbabwe sijaiona.

Jambo hili limenikera tangu siku hiyo, hasa kwa kuwa msimu wa ziara umekaribia. Kila mwaka chama chetu hufanya ziara, na kila mwaka mapendekezo ni yale yale: Mombasa, Fort Jesus, magofu ya Gede. Sina neno na Pwani. Ndiko lilikochimbuka jambo lililotuunganisha humu chamani. Shida ni pesa. Mwaka jana zaidi ya nusu ya wanachama tulibaki shuleni kwa kukosa nauli. Tuliletewa kashata na hadithi. Safari hii kamati imeomba mapendekezo mapema, na haya ndiyo yangu. Nitayatetea kwa hoja.

Nianze na mlima wenyewe. Katika bara zima la Afrika kuna milima mitatu tu karibu na ikweta yenye barafu vileleni: Kilimanjaro wa Tanzania wenye mita 5,895, Mlima Kenya wenye mita 5,199, na Ruwenzori mpakani mwa Uganda na Kongo wenye mita 5,109. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Japani kuja kuutazama huu wetu wa pili kwa urefu. Sisi huanika nguo tukiwa tumeupa mgongo. Shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, na mwaka 2013 eneo hilo likapanuliwa hadi Lewa na msitu wa Ngare Ndare.

Wanachama wenzangu, mlima huu pia una uhusiano na lugha yetu. Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona alikuwa mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Aliuona akiwa Ukambani, upande wa Kitui, tarehe 3 Desemba 1849. Mwaka uliotangulia mwenzake Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro. Wasomi wa Ulaya waliwacheka: ati theluji kwenye ikweta? Ubishi haukuisha mpaka Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 akauona kwa macho yake. Basi Krapf huyo huyo ndiye aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Kiswahili kina maneno mawili ya kitu hiki, theluji na barafu. La kwanza asili yake ni Kiarabu na la pili ni Kiajemi. Yote mawili yalikuja kwa bahari, na haishangazi, maana Lamu nani angeona theluji? Lakini watu wanaouzunguka mlima hawakungoja majahazi ndipo wautaje weupe huo. Wameru huuita Kirimara, jina linalotaja weupe wake. Wakikuyu husema Kirinyaga na Wakamba Kiinyaa, na kutokana na majina ya namna hii nchi yetu ikapata jina lake.

Weupe huo unakwisha. Mwishoni mwa karne ya 19 palihesabiwa mabamba 18 ya barafu ya kudumu mlimani. Kufikia mwaka 1986 yalikuwa yamebaki 11. Hilo la Lewis, ambalo wanasayansi wamelipima kwa miaka mingi kuliko mengine, limebaki vipande. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa ripoti ikisema kwamba Mlima Kenya unaweza kubaki bila barafu ya kudumu katika miaka ya 2030. Hebu piga hesabu. Mimi niko kidato cha tatu. Huenda barafu ikaisha kabla sijatimiza miaka 30, na watoto wangu wakiniuliza kwa nini mlima uliitwa Kirimara, itabidi niwaeleze kwa picha. Fort Jesus imesimama tangu miaka ya 1590 na itatungoja tukishaanza kazi na kupata nauli yetu wenyewe.

Wengine wamenieleza kwamba barafu ikiisha mito yetu itakauka. Hapana, si hivyo. Sehemu kubwa ya maji ya mito hiyo hutoka kwenye mvua na kwenye msitu unaoyashika na kuyaachia polepole. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi hufika umebeba unyevu, ukagonga mlima, ukapanda, ukapoa na kumwaga mvua. Pande za kusini na mashariki, yaani Embu, Chuka, Chogoria na Imenti, ndizo zinazopata mvua nyingi. Ukivuka upande wa Timau unaona ngano na nyasi kavu. Anayekata mti Chuka ndiye wa kuogopwa kwa habari ya mito, kuliko hata jua linaloyeyusha barafu.

Sasa turudi kwenye swali la mwalimu. Likizo iliyopita nilikataa kulala. Nilikaa dirishani, upande wa kushoto, nikiwa na daftari. Nilifika Chuka nimeshapotewa na hesabu, kwa kuwa kila kona ina daraja na kila daraja lina kijito. Niliyoandika ni haya: Ena, Thuci, Ruguti, Nithi, Maara, Mutonga, Thingithu, Kathita, na mingine ambayo madaraja yake hayana vibao. Barabara yenyewe haiendi, inateremka na kupanda. Kushoto kwako kuna msitu, kisha chai, kisha kahawa na migomba. Kulia ardhi inaporomoka mpaka unaona nyanda za Tharaka na Mbeere zimelala chini, kijivu na kahawia, nchi ya mtama, mawele na pojo. Ukikaribia mji wa Meru unavuka mstari wa ikweta; pana kibao, na matatu haisimami.

Katika njia hiyo mahali panaponitia hofu na mshangao kwa pamoja ni Daraja la Nithi. Korongo ni refu, kuta zake zimevaa miti, na maji unayasikia kabla hujayaona. Watu hupajua kwa mauti tu. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia humo na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Ndiyo maana nasisitiza tusafiri mchana, na dereva asiwe mtu wa kushindana na wenzake.

Nikaona pia kosa langu la insha. Katika mtihani niliwahi kuandika kwamba "tuliona mandhari ya kupendeza ajabu". Mwalimu wa Kiswahili alipiga mstari kwa wino mwekundu akaandika pembeni: "Ipi? Iko wapi?" Wakati ule niliona ananionea. Lakini mtu aliyelala toka Embu hadi Nkubu ataandika nini zaidi ya hayo? Maneno tunayo tele: korongo, genge, mteremko, ukingo, kilele, tambarare, maporomoko. Yanangoja mtu aliyeona kitu cha kuyavalisha.

Mito hiyo yote humwagika katika Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, ambao huenda karibu kilomita 1,000 hadi baharini. Ukishuka Mbeere utakuta mabwawa ya umeme yamefuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kuzinduliwa lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968, na Kiambere likafuata la mwisho mwaka 1988. Mradi unaitwa Seven Forks ilhali mabwawa ni matano. Usiniulize kwa nini. Ukingoni mwa Kamburu ipo Hifadhi ya Mwea, yenye viboko na ndovu. Tafadhali usiichanganye na mashamba ya mpunga ya Mwea kule Kirinyaga, kama nilivyofanya mimi mbele ya kamati.

Mbuga ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, ina ukubwa wa kilomita 870 za mraba. Kaburi la Elsa liko humo, yule simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson na kuandikwa katika kitabu Born Free cha mwaka 1960. Mwaka 1988 majangili waliwaua faru weupe waliokuwa wakilindwa humo, na kwa miaka mingi watalii wakaikimbia. Baadaye faru waliletwa tena, na sasa wana eneo lao lenye ua. Ningependa sana twende huko, lakini kutoka Embu kwenda na kurudi siku moja ni kukimbizana na jua.

Wale wanaopenda historia wasikose kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes, ambako simulizi za Waembu zinasema ndiko aliishi babu yao wa kwanza. Halafu Meru mjini lipo jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974. Na kwenye barabara ya kwenda Nanyuki kuna kivuko cha ajabu: tangu mwaka 2011 ndovu hupita chini ya barabara kutoka msitu wa mlimani kwenda Lewa, huku malori yakipita juu yao.

Pendekezo langu ni Chogoria. Tuondoke kabla ya alfajiri, kwa kuwa kilele huonekana asubuhi tu. Ikifika saa nne au saa tano mawingu huwa yameshaufunika. Kutoka Chogoria kuna njia ya udongo inayopita msituni, halafu katika mianzi, mpaka lango la mbuga lililo karibu mita 2,950 juu ya usawa wa bahari. Si lazima tufike huko juu wote. Hata kutembea katika mianzi kwa saa mbili kunatosha kuona mimea ikibadilika kadiri unavyopanda. Kilele cha Lenana tuwaachie wenye siku nne na mavazi yanayofaa, maana kupanda haraka huleta maumivu makali ya kichwa, na watu wamekufa kwa ubishi huo. Tusiende Aprili wala Novemba, njia hugeuka ndizi iliyoiva kwa utelezi. Februari ni kukavu. Mlezi wa chama aandikie Shirika la Wanyamapori mapema, kwa kuwa wanafunzi hupewa bei yao.

Najua kuna watakaosema kwamba Chogoria hakuna bahari wala ngamia wa kupigia picha. Ni kweli. Lakini kila aliye katika daftari la chama ataweza kulipa, na hilo halijawahi kutokea tangu nijiunge.

Kura itapigwa Ijumaa baada ya gwaride. Karatasi ya Chogoria imebandikwa ubaoni karibu na maktaba, jina langu liko mstari wa kwanza, na kalamu nimeifunga hapo kwa uzi.