SOMO: HARUSI NZURI KWA FEDHA ILIYOPO



Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo wengi huliona ni la familia tu, kumbe linagusa maendeleo ya usharika mzima. Mkopo wa VICOBA ulioombwa kwa ajili ya mbegu ukiishia kwenye ukumbi na mapambo, sherehe huisha usiku mmoja lakini marejesho huendelea miezi mingi. Wapo pia wanaoishi pamoja miaka mingi bila kufunga ndoa kwa kuogopa gharama, na hivyo hukosa Meza ya Bwana.

1. Tutenganishe ndoa na sherehe
Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai mambo machache: hiari ya wote wawili, taarifa siku 21 kabla, mfungishaji ndoa anayetambuliwa na mashahidi wasiopungua wawili. Kifungu cha 41 kinaonyesha kuwa ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijakamilishwa. Keki, video na msafara wa magari havimo. Kwa hiyo asiye na fedha ya karamu asisubiri. Jozi kadhaa zinaweza kufungishwa ndoa katika ibada moja na kula pamoja.

2. Tupange kwa fedha taslimu
Ahadi iliyoandikwa kwenye kadi ya mchango si fedha. Mhazini asome kila kikao kiasi kilichopokelewa, na malipo yafanyike kwa kiasi hicho. Wiki mbili kabla ya harusi bajeti ifungwe. Ahadi zitakazolipwa baadaye ziwe mtaji wa maharusi.

3. Tuanze na idadi ya wageni
Wageni ndio wanaopandisha gharama zote: chakula, vinywaji, viti na kadi. Tuchukue mfano. Kilo moja ya mchele ikitosha watu 6, wageni 120 wanahitaji kilo 20. Wageni 300 wanahitaji kilo 50. Nyama, mafuta na soda hupanda vivyo hivyo. Hata kule Kana divai iliwaishia wenyeji. Ni heshima zaidi kualika wachache wakashiba.

4. Tutumie tulivyo navyo
Ukumbi wa usharika, viti na sufuria za akina mama, kwaya, maua ya bustanini na gauni la kukodi vinatosha kupendeza. Kicheni pati na kumuaga binti vifanyike siku moja nyumbani.

5. Tuchague tarehe kwa busara
Desemba kumbi hugombaniwa, na wakati wa Kwaresima sharika nyingi hazifungishi ndoa. Baada ya mavuno chakula ni rahisi, na ndugu wanaweza kuchangia mchele, maharage au mbuzi badala ya fedha.

Ndugu wafadhili, kila shilingi inayobaki kwenye kikundi ndiyo inayonunua mbegu na kulipa ada.

Maswali ya kujadili katika kamati
a) Je, ni jozi ngapi usharikani kwetu zinasubiri ndoa kwa sababu ya gharama?
b) Ni vifaa gani vya usharika tunaweza kuwaazima bila malipo?
c) Je, kikundi chetu kiruhusu mkopo wa harusi? Kama ndiyo, mwisho uwe kiasi gani?