Kumpiga Picha Potwe

Wengi wetu tumezoea kuona picha za simba na tembo wa mbugani. Kumpiga picha kiumbe wa baharini ni elimu nyingine, nami napenda kuieleza kwa mfano wa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye aweza kupita urefu wa mita 12. Kwetu Mafia huonekana zaidi toka Oktoba hadi Februari, karibu na Kilindoni. Kenya wako wamwitao papa shilingi, kwa ajili ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni mwake.

Taabu za kazi hii ni tatu. Kwanza, maji humeza nuru. Rangi nyekundu ndiyo hutangulia kupotea, katika mita chache tu, na picha yote huwa ya buluu. Pili, potwe hufuata uduvi na dagaa, na hao wanaomleta ndio wanaoyatia maji ukungu. Ukiwasha taa ya kamera, kila kijidudu hung'aa na picha hujaa kama vumbi. Dawa yake ni kuizima taa, kulipa jua mgongo na kusogea karibu, pasipo kumgusa wala kumzibia njia. Tatu, potwe hangoji mtu. Likizo ya Desemba iliyopita nilifuatana na mjomba, ambaye ni nahodha wa boti. Tulikaa juani tangu asubuhi hata adhuhuri ndipo pezi likatokea, nami nikapata picha mbili tu.

Lakini mbili zilitosha, na hapo ndipo penye furaha. Madoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwenzake, kama zilivyo alama za vidole vyetu. Wataalamu hutazama hasa ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Mwaka 2005 walieleza namna ya kuyalinganisha kwa kompyuta, kwa hesabu iliyotungwa kwanza ili kutambua nyota za mbinguni. Hivyo picha ya mwanafunzi yaweza kuonyesha kuwa potwe huyu ndiye yule wa mwaka juzi, na yu hai.

Hata hivyo, picha haijui yote. Potwe wasipoonekana, ilidhaniwa wamekwenda mbali. Watafiti waliowafunga potwe wa Mafia vyombo vidogo vya kutoa mlio walieleza mwaka 2015 kwamba wengi hubaki papo hapo, ila huingia kina kirefu zaidi, mbali kidogo na pwani.

Jambo hili latuhusu sana. Baba yangu ni mvuvi. Yeye na potwe hufuata dagaa wale wale, na potwe akinaswa humfungulia wavu, hata kama dagaa wote watamtoka. Tangu mwaka 2016 potwe amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Basi asiyeonekana mwezi wa Juni tusimhesabu kuwa hayupo. Nyavu zetu na ziangaliwe mwaka mzima.